Mitaala ya vyuo vikuu: Nani amewauliza watu wa Mpondwe?

Na Mwandishi Maalumu, Bwera

MWEZI Mei mwaka 2023 wazazi wa Bwera walipatwa na hofu ambayo hawakuwa wameizoea. Hofu ya waasi wanaijua. Hofu ya mafuriko wanaijua, na ile ya mpaka kufungwa ghafla wanaijua kuliko mtu yeyote aliyeko Kampala. Hii ilikuwa mpya. Habari zilienea kwamba katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, programu nyingi za vyuo vikuu vya Uganda, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Makerere, zilikuwa zimeandikiwa kwamba muda wake umekwisha.

Mfanyabiashara wa Mpondwe anayaelewa maneno hayo kwa namna moja tu. Dawa iliyokwisha muda hutupwa. Maziwa ya kopo yaliyokwisha muda hukamatwa forodhani na kuteketezwa, na mwenye mali hurudi nyumbani akihesabu hasara. Kwa hiyo wiki ile, kila nilipotoka shuleni, nilisimamishwa njiani na watu waliotaka kujua kama walichowalipia watoto wao kwa miaka mitatu kilikuwa bado ni mali halali. Mama mmoja muuza vitenge aliniuliza waziwazi: Mwalimu, kumbe shahada nayo huoza?

Haiozi. Baraza, ambalo wakati huo liliongozwa na Profesa Mary Okwakol, lilitoa maelezo kwamba maneno yale yalimaanisha programu imefikia wakati wa kutathminiwa upya, na kwamba shahada zilizokwisha kutolewa zinabaki halali. Baadhi ya vyuo navyo vilijitetea kwamba makabrasha yao yalikuwa yameshapelekwa. Vumbi likatulia, magazeti yakahamia habari nyingine, na wazazi wakarudi sokoni.

Mimi sikuridhika, na ndiyo sababu ya makala haya. Tulijibiwa kwamba shahada ni halali. Hatukuambiwa kama ni nzuri, wala nani hukaa mezani kupima uzuri huo.

Ukaguzi wenyewe

Ni vema msomaji akajua kazi hii inavyofanyika, maana wengi hudhani chuo kikuu hujiamulia tu cha kufundisha. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu liliundwa chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001. Idara inayotaka kuanzisha shahada huandika andiko refu: lengo la kozi, masomo ya kila muhula, vitabu, walimu watakaofundisha pamoja na vyeti vyao, maabara, na namna ya kutahini. Andiko hupita kwenye kitivo, kisha kwenye Seneti ya chuo, ndipo hufikishwa kwa Baraza. Baraza nalo huwakabidhi wataalamu wa fani hiyo, ambao kwa kawaida hutoka vyuo vingine, nao husoma na kuuliza maswali. Masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 15 za mwanafunzi kuwa na mwalimu wake. Wakiridhika, programu hupewa ithibati, yaani kibali cha kuifundisha, na kibali hicho kina miaka yake. Miaka ikitimia, chuo hutakiwa kurudi na kueleza kilichobadilika.

Swali hilo la mwisho ndilo roho ya jambo lote. Nini kimebadilika? Kozi ya biashara iliyoandikwa wakati watu wakituma fedha ndani ya bahasha kwa dereva wa basi haiwezi kubaki ile ile leo, wakati muuza muhogo wa Mpondwe anapokea malipo kwenye simu kabla gunia halijashushwa. Shahada ya ualimu iliyoandikwa kabla ya mwaka 2020 haikujua kwamba mwaka huo shule za sekondari za Uganda zingeanza mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, unaomtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya badala ya kukariri. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Kwa mwendo wa kawaida, ndilo litakalofika kwenye milango ya vyuo vikuu kuanzia 2027. Mhadhiri atakayewapokea na madaftari yale yale ya mwaka 2008 atakuwa na kazi ngumu, na wao watakuwa na kazi ngumu zaidi.

Yapo makubwa kuliko kuchelewa. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Busoga kilichunguzwa mwaka 2016 kuhusu shahada zilizotolewa kwa wanafunzi wengi, hasa kutoka Sudan Kusini, ambao masomo yao hayakufuata taratibu. Shahada hizo zilifutwa, na Desemba 2017 leseni ya chuo ikaondolewa. Tanzania nako, mwaka huo huo wa 2017, Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya na kusimamisha udahili katika programu 75 za vyuo vingine 22. Mzazi lazima atofautishe mambo haya. Programu iliyofikia wakati wa kutathminiwa ni kama gari linalodaiwa ukaguzi. Shahada iliyofutwa ni gari lisilo na injini.

Siku Afrika Mashariki ilipokuwa na chuo kimoja

Wazee waliosoma zamani hushangaa wanapoona kijana wa Kasindi akihangaika cheti chake kitambuliwe Kasese, mwendo wa saa moja na kitu kwa taksi. Wana haki ya kushangaa. Kuanzia 1963 hadi 1970 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, mhandisi alikwenda Nairobi, mwanasheria Dar es Salaam. Hakuna aliyeuliza kama cheti cha jirani kinatosha, kwa kuwa cheti kilikuwa kimoja.

Na watu wa wakati ule hawakuuogopa ukaguzi wa mitaala. Oktoba 1968 walimu watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika hoja kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati na nyingine pembeni yake. Hawakutumwa na tume yoyote. Waliona tu kwamba mwanafunzi anafundishwa kana kwamba amesimama London akichungulia Afrika kwa mbali. Mabishano yalikuwa makali, lakini idara ilibadilika, na wimbi lile likafika katika shule nyingi za ukanda huu. Hao ndio wakaguzi ninaowatamani: wenye kuuliza mwanafunzi amesimama wapi, kabla ya kuhesabu viti vya maktaba.

Chuo kile kimoja kilipogawanyika mwaka 1970, kila nchi ilichukua njia yake. Leo kazi ya kuunganisha tena iko mikononi mwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza jijini Dar es Salaam kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi aweze kuhama na krediti zake na mhitimu aweze kuvuka na shahada yake. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ikaingia katika Jumuiya. Kwa maandishi, basi, daraja la Mto Lhubiriha limeshajengwa mara mbili: la zege na la vyeti. La zege nalivuka kila nikitaka.

Anayerudi ndiye anayejua

Nalisema hili kama mtu aliyesomea ng'ambo. Familia yetu ilivuka kuingia Zaire mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati milima ya Rwenzori haikuwa na usalama. Nilisoma shule ya msingi Beni, na sekondari Butembo katika mkondo wa ualimu. Darasani tulifundishwa kwa Kifaransa, uwanjani tulicheza kwa Kiswahili, na nyumbani mama alitugombeza kwa Lhukonzo, ambacho majirani zetu huko hukiita Kinande. Nikapata Diploma ya Serikali, ile inayopatikana baada ya miaka sita ya msingi na sita ya sekondari, kisha nikasoma miaka mitatu zaidi ya ualimu na kupata kile kilichoitwa gradua. Mwaka 2004 nikarudi nyumbani.

Shule moja ya binafsi ilinipokea. Mkuu wake aliigeuza karatasi yangu mbele na nyuma akitafuta mahali palipoandikwa kwa Kiingereza, asipaone, akaniandika katika daftari la mishahara kama mwalimu asiye na mafunzo. Nililipwa hivyo kwa miaka miwili, huku nikifundisha Kifaransa ambacho hapakuwa na mwingine wa kukifundisha.

Walio katika hali kama yangu ni wengi kuanzia Bwera hadi Karambi, na karibu wote hudhani tatizo ni lugha. Lugha ni sehemu tu. Anayetaka cheti chake cha sekondari kilinganishwe na cha Uganda hukipeleka Baraza la Mitihani la Uganda, na mwenye cheti cha juu ya hapo hukipeleka Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Pande zote mbili ziko Kampala. Unatafsiri, unathibitisha, unapanda basi la usiku. Ukifika mezani hutaulizwa kama una akili. Utaulizwa ulisoma nini, kwa saa ngapi, na chuo chako kinatambuliwa na nani. Wanalinganisha mtaala na mtaala. Miaka kumi na miwili ya Kongo inawekwa kando ya miaka kumi na mitatu ya Uganda, saba ya msingi, minne na miwili, na mtu anatafuta mahali mistari inapokutana.

Kwa hiyo aliyerudi kutoka uhamishoni anajua mtaala ni kitu gani, tena anajua kuliko profesa, kwa sababu yeye ameshawahi kuombwa auonyeshe. Mwanafunzi wa Kampala anaweza kumaliza chuo bila kuuona. Sisi huubeba ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo.

Kongo yenyewe imebadilisha utaratibu. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vyake vimeelekezwa kwenye mfumo wa ngazi tatu, shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu, unaofanana na wa nchi nyingi za dunia na wenye kuhesabu krediti. Gradua yetu ya zamani imewekwa kando. Kwa kijana anayesoma sasa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kule Butembo, chuo kilichoanza mwaka 1989, hii ni nafuu kubwa, maana hesabu yake itasomeka kirahisi zaidi upande huu. Kwa sisi wenye karatasi za mfumo uliopita, tumebaki kama wenye noti za Zaire.

Mkutano wa Kasese

Mapema mwaka huu nilialikwa Kasese mjini katika mkutano wa wadau. Chuo kikuu kimoja kinachopokea wanafunzi wengi wa ukanda wetu kilikuwa kinahuisha programu zake mbili, shahada ya biashara na shahada ya ualimu, kabla ya kuzipeleka kwa Baraza. Chuo chenyewe sikitaji, kwa kuwa rasimu bado haijapita Seneti. Tulikuwa watu kama thelathini: wakuu wa shule, maofisa wa elimu, watu wawili wa benki, wahitimu wa zamani, na wafanyabiashara watatu wa Mpondwe. Nilifurahi kuwaona hao watatu, hadi nilipogundua kwamba walialikwa jioni ya siku iliyotangulia ili kutimiza idadi.

Rasimu ilikuwa na kurasa zaidi ya themanini, yote kwa Kiingereza, nasi tuligawiwa asubuhi ile ile pamoja na chai. Hakuna binadamu anayeweza kusoma kurasa themanini akiwa na sambusa mkononi. Utaratibu huu wa kumwita mdau aje aone kitu kilichokwisha pikwa umeenea mno katika nchi zetu, na sahihi zetu kwenye karatasi ya mahudhurio huja kutumika kama ushahidi kwamba tulishauriwa.

Hata hivyo mazungumzo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Somo la biashara ya kimataifa lilikuwa na mifano ya meli za Rotterdam na soko la hisa la New York. Mama mmoja kati ya wale watatu, ambaye huvusha mafuta ya mawese kutoka Kongo na kurudisha mukene na sabuni, alisikiliza tafsiri niliyomnong'oneza, kisha akasimama. Alitaka kujua ni somo gani linalomfundisha kijana kukokotoa faida pale mzigo unaponunuliwa kwa faranga za Kongo, ukalipiwa ushuru kwa shilingi, na deni likaandikwa kwa dola. Yeye hufanya hesabu hiyo kila siku ya soko, kichwani. Tena akauliza kwa nini vijana wenye shahada wanaokuja kumwomba kazi hawajui kusoma karatasi ya forodha ya upande wa pili, ambayo ni ya Kifaransa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Mhadhiri mmoja, mtu mwungwana, alikiri kwamba hajawahi kufika Mpondwe. Ifahamike kwamba Mpondwe si kichochoro. Takwimu za biashara isiyo rasmi ya mipakani ambazo Idara ya Takwimu ya Uganda huzikusanya pamoja na Benki Kuu zimekuwa zikiiweka miongoni mwa vituo vinavyoongoza nchini. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ndani ya COMESA, na mfanyabiashara mdogo ana taratibu zilizorahisishwa anazoweza kuzitumia badala ya kupita njia za panya. Kama shahada ya biashara inayotolewa chini ya Rwenzori haimfundishi mtu kuzitumia, atafundishwa wapi? Rotterdam?

Kwenye ualimu nilikuwa nyumbani, na nilisema mengi. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hata anayefundisha watoto wa chekechea. Maana yake walimu wengi wa msingi wa wilaya yetu, wenye cheti cha daraja la tatu, wanalazimika kurudi chuoni, wengine kwa mkopo wa chama cha akiba. Wananunua kitu kwa fedha za shida, na kitu hicho lazima kiwe na uzito. Julai 2022 Baraza la Mawaziri nalo likapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wako wapi? Wanatakiwa watoke humo humo katika shahada tuliyokuwa tunaijadili.

Nikafungua sehemu ya Kiswahili. Iliandikwa kana kwamba mwanafunzi wa hapa ama hajui neno lolote, ama amezaliwa Mombasa. Mwanafunzi wa Bwera hayuko katika makundi hayo. Anakuja na Kiswahili cha Kasindi alichokinywa sokoni tangu utotoni. Huandika "batoto" mahali pa "watoto", na "minaenda" mahali pa "ninakwenda". Mwalimu asiyejua chanzo chake hupiga mstari mwekundu na kumwita mjinga. Mwalimu aliyefundishwa vizuri atajua kwamba kiambishi hicho cha ba- kimo katika Kiswahili cha Kongo na kimo katika Lhukonzo anachozungumza nyumbani, na ataanzia hapo kumvusha hadi kwenye Kiswahili sanifu. Saa kumi na tano, krediti moja, zingetosha kwa jambo hilo. Niliomba ziandikwe.

Chumvi ya Katwe

Kuna watakaosema ninataka chuo kikuu kiwe cha kijiji. Mtoto wetu akifundishwa Mpondwe, watasema, ataweza kufanya kazi Nairobi au Doha? Pingamizi hilo nimelisikia, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na lina uzito wake: shahada ni lazima isomeke mbali.

Lakini tutazame Ziwa Katwe, lililo katika wilaya yetu hii hii. Watu wamechimba chumvi pale kwa karne nyingi, kwa mikono, wamesimama majini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda cha kisasa kwa utaalamu wa Wajerumani. Hakikudumu. Maji ya ziwa lile yana chumvichumvi kali za aina nyingi, na mabomba yaliliwa. Magofu yake yapo hadi leo, na wachimbaji wameendelea na mikono yao. Waliokileta walikuwa na shahada zinazosomeka dunia nzima. Kilichokosekana ni kulijua ziwa.

Mto Nyamwamba ni somo jingine. Ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Juu yake yapo mabaki ya mgodi wa shaba uliofungwa mapema miaka ya 1980. Ukitaka kumfundisha kijana elimu ya mazingira, una theluji inayopungua kileleni, una mto unaohama, una taka za mgodi na una mbuga ya wanyama, vyote ndani ya siku moja ya kutembea. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal, kilichoanza mwaka 2005 kwa juhudi za watu wa eneo hili na kuwa chuo cha umma Julai 2022, kilibeba jina la milima hiyo tangu mwanzo, na naamini vyuo vya namna hiyo ndivyo vyenye nafasi ya kwanza ya kuyafanya haya kuwa elimu ya kuheshimika kokote. Atakayeuelewa Nyamwamba barabara ataajiriwa Nepal.

Tanzania imechukua mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mradi wa elimu ya juu, na sehemu mojawapo ya kazi yake ni kuhuisha mitaala ya vyuo vya umma kwa kuwashirikisha waajiri. Sisi hatuhitaji kungoja dola kiasi hicho ili kumpeleka mhadhiri Mpondwe. Nauli ya taksi inatosha.

Kabla hujalipa karo

Wazazi wengi wananifuata kuniuliza mtoto aende chuo gani, na walio na ndugu ng'ambo huuliza kama avuke kwenda Butembo au abaki. Barabara ya Kasindi kwenda Beni imekula watu wengi tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwaka 2014, kwa hiyo familia nyingi huamua kwa kuogopa risasi kabla ya kufikiria masomo, na siwezi kuwalaumu. Wapo pia Wakongo wanaowaleta watoto Kasese ili wapate Kiingereza, kama vile Beni kuna chuo cha Kikristo kilichoanzishwa katika muongo wa 2000 kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza kwa pamoja. Anayekwenda kokote kati ya huko asikubali kuambiwa tu kwamba chuo kinatambuliwa. Chuo ni kitu kimoja na programu ni kingine. Chuo chenye leseni kamili kinaweza kuwa na kozi isiyo na ithibati, na orodha ya Baraza huonyesha kila programu kivyake. Taja jina la kozi kamili, neno kwa neno kama litakavyoandikwa kwenye cheti, uliza ithibati yake ni ya mwaka gani na kama makabrasha ya tathmini mpya yameshapelekwa. Ofisi ya udahili ikikasirikia swali hilo, nenda kwingine.

Na tangu muhula wa kwanza mtoto atunze maelezo ya kila somo, yaani ile karatasi inayoonyesha mada na saa. Wengi huitupa. Siku atakayotaka kuvuka na shahada yake, iwe Bunia, Kigali au Dodoma, ndiyo watakayomwomba, na huenda wakati huo idara iliyoitoa imebadilishwa jina au imefungwa.

Kule Kasese tulimaliza saa kumi jioni. Kifaransa cha biashara kiliingizwa katika rasimu kama somo la hiari la krediti tatu, na taratibu za forodha za mpakani zikapewa nafasi mwaka wa pili, pamoja na wiki mbili za mafunzo kwa vitendo Mpondwe. Ombi langu la Kiswahili liliandikwa kwenye kumbukumbu, lakini sikuahidiwa chochote. Mama wa mawese alimwendea mratibu akamuuliza ni lini hayo yataanza kufundishwa. Mratibu alimhesabia kwa vidole: kitivo, Seneti, Baraza, wataalamu, majibu ya wataalamu. Kama hakuna kitakachokwama, alisema, ni kwa wanafunzi watakaoingia Agosti 2027.

Binti wa mama yule anamaliza kidato cha sita Novemba mwaka huu.